Chora mzunguko wa pombe kabla ya kumlaumu mnywaji

Majeruhi waliofikishwa idara ya dharura ya hospitali ya KCMC, hapa Moshi, walipopimwa pombe katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, takribani asilimia 30 walikutwa nayo mwilini. Hao ni karibu watu watatu katika kila kumi. Kwa hospitali inayopokea wagonjwa kutoka mkoa mzima wa Kilimanjaro na mikoa ya jirani, hilo si jambo dogo. Nyuma ya kila majeruhi kuna kaya inayouza mbuzi, inayokopa, na inayompoteza mtu wa kazi kwa miezi.

Wengi wetu tukisikia habari hiyo tunaanza kuuliza nani alikuwa mlevi. Mimi naomba tuulize swali jingine: ni kitu gani kinachomrudisha mtu kwenye chupa wiki baada ya wiki, hata pale anapotaka kwa dhati kupunguza? Ipo njia ya kulijibu swali hilo kwa karatasi na kalamu, mkiwa watu wachache mmekaa pamoja. Wataalamu wanaiita modeli ya mfumo. Hapa nitakueleza namna ya kuitumia nyumbani, kwenye kikoba, kwenye jumuiya au kijiweni, bila kuhitaji shahada yoyote.

Modeli ya mfumo ni nini?

Mfumo ni vitu kadhaa vinavyosukumana, kiasi kwamba ukigusa kimoja vingine navyo vinatikisika. Aliyekulia Kibosho, Uru au Machame anaujua mfumo tangu utotoni kwa sababu ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba. Wa juu akifungulia maji shambani kwake nje ya zamu, wa chini anakauka. Wa chini akikasirika, haji siku ya kuzibua mfongo. Usipozibuliwa, maji yanapungua kwa wote, hata kwa yule wa juu. Hakuna anayeelewa ugomvi huo kwa kumtazama mtu mmoja peke yake. Lazima uufuate mkondo mpaka unaporudi pale ulipoanzia.

Modeli ni mchoro au hesabu inayoonyesha nani anamsukuma nani. Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, alianza kuzijenga modeli za namna hii miaka ya 1950 kwa ajili ya viwanda. Baadaye watu wa afya wakazichukua kuelewa maambukizi, uvutaji sigara, unene na ulevi. Kitu muhimu kilichoongezeka njiani ni kwamba mchoro haumsubiri mtaalamu. Wanaoishi na tatizo ndio wanaouchora, mtaalamu anabaki kuuliza maswali na kushika kalamu.

Kwa nini mazungumzo na muuguzi hayatoshi peke yake?

KCMC ilibuniwa huduma kwa ajili ya watu wetu, iitwayo PPKAY, yaani Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Ilitengenezwa na watafiti wa KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, wakiwemo Dk. Catherine Staton na Profesa Blandina Mmbaga. Muuguzi aliyefunzwa anakaa na mgonjwa peke yao kwa muda mfupi, anaomba ruhusa ya kuzungumzia pombe, anamwonyesha uhusiano kati ya unywaji wake na jeraha lililomleta, kisha wanakubaliana hatua ambayo mgonjwa mwenyewe anaiona inawezekana. Hakuna kuhubiriwa wala kutishwa. Watafiti wameijaribu pia ikiambatana na ujumbe mfupi wa simu wa kumkumbusha mtu lengo lake baada ya kurudi nyumbani.

Ni huduma nzuri, na ukipata nafasi usiikatae. Ila mtu akitoka wodini anarudi kijiwe kilekile, deni lilelile na vikao vilevile vya ukoo. Mchoro unamsaidia aone anarudi kwenye nini, na unawasaidia walio karibu naye waone sehemu yao katika jambo hilo. Vitu hivi viwili vinakamilishana.

Unahitaji nini, na ni gharama gani?

Gharama ni ndogo. Nunua karatasi moja kubwa ya manila na kalamu nene mbili za rangi tofauti kwenye duka lolote la vifaa vya shule mjini Moshi au pale Himo. Mgongo wa kalenda ya mwaka jana nao unafaa, na hapo unabaki kununua kalamu tu. Tenga muda wa saa mbili hivi. Mkitaka chai, kila mtu achangie. Msilipane posho, kwa sababu mkianza na posho kikao cha pili hakitakuwepo.

Watu sita hadi kumi wanatosha. Jitahidi wawe wa aina mbalimbali: dereva wa bodaboda, mama mwenye kaya, kijana, mzee wa ukoo, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mama anayepika mbege, pombe yetu ya ndizi. Huyo wa mwisho watu wengi humwacha, na ndipo mchoro wote unapoharibika. Anajua nani ananunua, siku gani, kwa fedha gani, na anajua pia ada za shule zinalipwa na chungu kipi.

Kaeni ofisi ya kitongoji, ukumbi wa kanisa au msikiti, au chini ya mti kwenye uwanja wa mtu, mahali popote ambapo hapauzwi pombe. Epukeni siku ya gulio. Kama kuna wanawake wasioweza kusema wazi mbele ya waume au wakwe zao, wakae kwanza peke yao na kuchora mchoro wao. Aibu ya unywaji huwaelemea wanawake kuliko wanaume, na mwanamke anayekunywa kwa siri hatalisema hilo mbele ya baba mkwe hata mkikaa siku nzima.

Sheria moja msiivunje: pasiandikwe jina la mtu yeyote kwenye karatasi. Andikeni «dereva», «mama mwenye kilabu», «kijana aliyemaliza shule». Atakayetaja jirani kwa jina akumbushwe kwa upole.

Tunaanzia wapi?

Chagueni kitu kimoja kinachoweza kupanda na kushuka. «Pombe» ni neno pana mno, halipimiki. «Ulevi» lina lawama ndani yake tayari. Semeni, kwa mfano, «idadi ya chupa anazokunywa dereva kwa wiki», au «siku ambazo baba anarudi baada ya saa nne usiku», au «fedha ya kaya inayoishia kilabuni kwa mwezi».

Kisha, kabla ya mishale yoyote, choreni mstari wa mwaka: Januari kushoto, Desemba kulia, na juu yake kamba inayopanda na kushuka kufuata kitu mlichochagua. Kila mtu achore wake, halafu mlinganishe. Kwenye vijiji vya mlimani mara nyingi kamba hupanda fedha ya kahawa inapoingia, na hupaa Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi na kila mgeni anataka kumnunulia mwenzake. Hushuka Januari, kwa sababu fedha imekwisha na ada inadaiwa. Msikimbilie kusonga mbele. Ulizaneni kwa nini kamba ya mama imepanda mwezi ambao ya baba imelala, maana hapo mara nyingi hufunguka jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelisema.

Mishale na alama zake

Sasa katikati ya karatasi andikeni kitu chenu ndani ya duara. Ulizeni: ni nini kinachokifanya kiongezeke? Kila jibu liandikwe pembeni, na mshale utoke kwenye jibu kuelekea kwenye duara. Kisha ulizeni: kikiongezeka, kinasababisha nini? Mishale hiyo itoke nje ya duara.

Kwenye kila mshale weka alama. Jumlisha maana yake vitu viwili vinakwenda pamoja: hiki kikipanda na kile kinapanda, hiki kikishuka na kile kinashuka. Toa maana yake vinapishana: hiki kikipanda, kile kinashuka. Ukikwama, sema kwa sauti, «deni likiongezeka, usingizi unaongezeka au unapungua?» Watu watakujibu mara moja.

Chukua mfano wa dereva wa bodaboda ambaye pikipiki si yake. Kila siku anatakiwa kumpelekea mwenye chombo hesabu. Akikosa hesabu, deni linakua. Deni likikua, mawazo yanakua. Mawazo yakizidi, jioni anapitia kwa wenzake kupata moja mbili za kupunguza mawazo. Akinywa, anaamka amechelewa. Akichelewa, wale abiria wa alfajiri wanaoshuka kutoka Kibosho au Old Moshi kuwahi mjini wamekwishachukuliwa na mwingine. Akiwakosa, hesabu haitimii. Fuata mishale hiyo kwa kidole: umeanzia kwenye hesabu na umerudi kwenye hesabu.

Huo ndio mzunguko unaojikuza. Kila ukizunguka unaongeza nguvu yake wenyewe. Ongeza hapo mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya haraka, na utaona kwa nini mtu anayeonekana mzembe alfajiri huenda hana uzembe wowote.

Ipo pia mizunguko inayotuliza. Mtu akinywa sana anaugua, akiugua anaogopa, akiogopa anapunguza. Fedha ikiisha, unywaji unashuka wenyewe. Mzunguko wa hofu ya ugonjwa una shida moja: unakawia. Raha ya pombe inafika baada ya dakika chache, lakini ini linaharibika kwa miaka bila kulalamika. Kwenye mchoro, mshale unaokawia uwekewe vijistari viwili vya kuukata katikati, ili mkumbuke kutotegemea hofu ya ini kumzuia kijana wa miaka 22.

Mzunguko wa mbege na mzunguko wa aibu

Mbege ina mchoro wake, na ukichora pombe ya mlimani bila kuielewa utakosea. Inatokana na ndizi za kihamba, yaani shamba la nyumbani, na kimea cha ulezi, na magome ya msesewe huipa uchungu wake. Huletwa mtu anapoposa, ukoo unapokutana, ndugu wanapopatanishwa. Aliyekosana na mwenzake huja na mbege. Basi mshale wa «heshima ya ukoo» kuelekea «kikombe» upo na una nguvu, na mwenye kuukana atachekwa na wazee. Kuna mshale mwingine unaotoka kwenye «mbege iliyouzwa» kwenda «ada na sare za watoto». Mama anayepika hapiki kwa kupenda watu walewe.

Ndiyo sababu wazo la kwanza linalojitokeza kwenye vikao vingi, «vilabu vifungwe vyote», lichoreni mpaka mwisho kabla ya kulipigia kura. Kilabu kikifungwa, mbege inapungua kweli. Kipato cha mama kinashuka, na anatafuta cha kuuza kisichochukua nafasi wala harufu. Mnywaji anatafuta kinachofichika. Vyote viwili vinaelekea kwenye gongo, ambayo ni haramu, haina kipimo na inaweza kuwa na sumu. Mmefunga mlango mmoja na kufungua mbaya zaidi.

Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, nadhani ilifanya jambo sahihi. Kifuko kidogo cha pombe kali kilikuwa kinaingia mfukoni mwa mwanafunzi na mwa dereva barabarani bila kuonekana, kwa bei ya vocha. Mshale wa «urahisi wa kupata» ulikatwa. Ila mishale ya mawazo, ukosefu wa kazi na kampani ilibaki palepale, na pombe kali ya chupa ndogo ikaendelea kuuzwa. Hatua ya aina hiyo inahitaji kufuatiwa na nyingine.

Mzunguko wa tatu ambao vikundi vingi huchelewa kuuona ni wa aibu. Mtu anakunywa, anasemwa. Akisemwa sana anajitenga na wasiokunywa: hafiki jumuiya, hafiki msibani mapema, anakaa mwisho. Marafiki wanaobaki ni wa kilabuni tu. Akiwa na hao tu, anakunywa zaidi. Angalia vizuri mshale uliotoka kwetu, ule wa «kusemwa». Mara nyingi sisi tunaojiona tunasaidia ndio tunaouzungusha.

Hesabu ndogo inayofungua macho

Mchoro unaonyesha mwelekeo; hesabu inaonyesha ukubwa. Chukueni kalamu ya pili. Nitatumia takwimu za kubuni, nyinyi wekeni zenu.

Tuseme dereva akianza kazi saa 12 asubuhi anabaki na shilingi 18,000 baada ya mafuta. Akianza saa 3 anabaki na 12,000. Hesabu ya mwenye pikipiki ni 8,000 kwa siku na chakula cha nyumbani ni 5,000. Siku aliyowahi inamwachia 5,000. Siku aliyochelewa inampunguzia 1,000. Anafanya kazi siku sita, na usiku tatu kwa wiki anakunywa bia tatu, kila moja shilingi 2,000, na kesho yake anachelewa.

Siku tatu nzuri zinampa 15,000, siku tatu mbaya zinakula 3,000, zinabaki 12,000. Bia zinachukua 18,000. Kwa hiyo kila wiki anaongeza deni la 6,000, na kwa wiki nne anadaiwa 24,000.

Sasa jaribuni mabadiliko. Mkimwambia apunguze bia moja kila usiku, anaokoa 6,000. Deni linaacha kukua, ila halilipiki, kwa sababu asubuhi bado anachelewa. Mkikubaliana abaki na usiku mmoja tu kwa wiki, anapata siku tano za kuwahi, yaani 25,000, anatoa 1,000 ya siku moja mbaya na 6,000 za bia, na anabaki na 18,000. Deni lote la 24,000 linaisha ndani ya wiki ya pili. Asubuhi alizozikomboa zinamlipa sawasawa na bia alizoziacha: fedha ya bia iliyookolewa ni 12,000, na asubuhi mbili zimemwongezea nyingine 12,000.

Hapo mjiulize swali la mwisho: hiyo 18,000 ya ziada itakwenda wapi? Fedha inayolala mfukoni Ijumaa jioni ni mshale wa kurudi kilabuni. Vikundi vingine huamua akiba iingie kikoba saa kumi na moja jioni, kwa simu, kabla jua halijazama. Ni hatua ndogo, lakini imekaa mahali penye nguvu kwenye mzunguko.

Jambo la usalama lisikupite. Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi halisi, na mwili huondoa gramu 7 hadi 10 tu kwa saa. Bia tatu zilizokwisha saa 5 usiku huenda bado zimo mwilini saa 12 asubuhi, dereva anapopakia abiria wa kwanza. Kahawa na maji baridi haviharakishi, kinachosaidia ni muda peke yake. Dereva anayewahi abiria wa alfajiri apange usiku wake kwa hesabu hiyo.

Mtapimaje kama imefaa?

Chagueni hatua moja, au mbili zikizidi, mjaribu kwa wiki sita. Kabla ya kuanza andikeni namba ya leo: chupa ngapi, siku ngapi za kuchelewa, shilingi ngapi zilizoingia akiba. Kila wiki mtu ajiandikie mwenyewe, asikaguliwe. Wiki ya sita mrudi na karatasi ileile mkaone mshale upi ulikuwa na nguvu kuliko mlivyodhani. Mkikuta hatua haikufanya kazi, msimtafute mkosaji. Mtafute mshale mliousahau. Mara nyingi ni kampani: mtu ameacha kwenda kilabuni na hana pa kwenda jioni. Hapo anzisheni kitu cha jioni, mpira, kwaya, bao, chochote chenye watu.

Kwenye vikao vya ukoo, hatua inayowezekana bila kuvunja mila ni kuhakikisha pana togwa au soda karibu na mbege, na mzee mmoja anayeheshimika aanze yeye kuomba hiyo. Kijana atapata njia ya kusema, «Nashukuru sana baba, leo naomba togwa,» bila kuonekana amedharau. Mzee akishatangulia, mshale wa heshima unaanza kuvuta upande wa pili.

Kwa wenye kompyuta, zipo programu za kuchorea mizunguko hii. Vensim PLE ni ya bure kwa kujifunzia na inaweza kupiga hesabu za wiki nyingi mfululizo, na LOOPY inafanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti. Zote ni za Kiingereza. Mwalimu wa hesabu wa sekondari ya kata atazielewa haraka, ila karatasi ya manila inatosha kabisa kwa kaya na kikundi.

Nitajuaje kama unywaji wangu umefikia pabaya?

Lipo dodoso la maswali kumi la Shirika la Afya Duniani linaloitwa AUDIT, na toleo lake la Kiswahili limejaribiwa kwa wagonjwa wa KCMC. Linauliza mara ngapi unakunywa, kiasi gani kwa siku ya kawaida, kama umewahi kushindwa kuacha ukishaanza, kama umejuta au kusahau yaliyotokea, kama wewe au mtu mwingine aliumia kwa sababu ya unywaji wako, na kama ndugu au daktari ameonyesha wasiwasi. Kila jibu lina alama 0 hadi 4, jumla ya juu kabisa 40. Alama 8 hadi 15 zinasema unywaji wako una hatari na unahitaji ushauri. 16 hadi 19 unahitaji unasihi na ufuatiliaji. 20 na zaidi zinaashiria utegemezi, na hapo daktari akuone.

Kwa kuhesabu, kipimo kimoja ni gramu 10 za kilevi. Bia ya nusu lita ni vipimo viwili hivi. Chupa ya mililita 200 ya pombe kali ya asilimia 35 ni vipimo vitano na nusu, yaani karibu bia tatu ndani ya kitu kinachoenea kiganjani. Mbege haihesabiki hivyo kirahisi, kwa kuwa nguvu yake hutofautiana chungu kwa chungu na siku kwa siku. Hesabu vikombe ulivyokunywa na angalia kama vinaongezeka mwezi hadi mwezi.

Onyo hili lisomeni kwa sauti kwenye kikao. Mtu anayekunywa sana kila siku, ambaye asubuhi anatetemeka mpaka apate kidogo, asiache ghafla peke yake nyumbani. Anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na baadaye kuchanganyikiwa, kuona visivyoonekana na kupata homa, na hali hiyo huweza kuua. Aende kwanza hospitali, apewe dawa na asimamiwe. Akianza kutetemeka sana, kupata kifafa au kuweweseka baada ya kuacha, ni dharura, msisubiri kuche.

Niende wapi?

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na umwambie mhudumu, «Naomba kupimwa unywaji wangu wa pombe.» Si lazima ueleze zaidi ya hapo kwenye foleni. Maswali ya AUDIT yenyewe hayahitaji kifaa wala maabara, hivyo unachoweza kudaiwa ni ada ya kawaida ya kumwona daktari. Uliza dirishani kabla, na kama una bima, nenda na kadi. Mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi, na juu yake KCMC kwa matatizo makubwa. Mlimani zipo hospitali za Kibosho, Machame, Kilema, Marangu na Huruma kule Rombo. Ukifika KCMC kwa jeraha, uliza kama kuna muuguzi wa PPKAY.

Kama pombe imeleta kipigo nyumbani, usisubiri mchoro wala wiki sita. Nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mtoto anayeteseka anaweza kupiga 116 bure, hata kwa simu isiyo na salio, na jirani anaweza kumpigia. Kwa swali lolote la afya, Wizara ya Afya hupokea simu bure kupitia 199. Karatasi yenu ya manila mkishaimaliza, pelekeni nakala kwa mtendaji wa kijiji na kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mkiiambatanisha na maombi ya taa barabarani, uwanja wa vijana au kubadili saa za kilabu, itawaonyesha kwa nini mmeomba kitu hicho.